Atakaye Kuwa Dereva Busia na Malaba

Mtu asimamaye kando ya barabara kuu huko Malaba huyaona malori yamepangana, hili nyuma ya jingine, yakingoja kuvuka mpaka kuingia Uganda, mengine yakielekea Rwanda na Kongo. Kati ya malori hayo hupita pikipiki, baiskeli, mikokoteni na akina mama waendao sokoni. Mahali kama hapo kosa dogo la dereva laweza kuondoa uhai wa mtu, na kwa hiyo sheria haimruhusu kila ashikaye usukani kwenda apendavyo.

Nchini Kenya mambo haya yamo katika Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, na msimamizi wake ni halmashauri ya NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Kwanza, mwanafunzi hana budi kupata leseni ya muda. Leseni hiyo humpa ruhusa ya kujifunza tu. Atakapoendesha motokaa, sharti mtu mwenye leseni ya kuendesha gari la namna ile aketi kando yake, na herufi L nyekundu ionekane mbele na nyuma ya gari.

Pili, afunzwe katika shule ya udereva inayotambuliwa na serikali. Huko hujifunza alama za barabarani, na huonyeshwa ubao wenye mfano wa mji, ili ajue ni nani apitaye kwanza katika njia panda na katika mzunguko. Tatu, hufika mbele ya mtahini, aulizwe juu ya ubao na alama, kisha aendeshe barabarani. Akishindwa hurudi kujifunza. Akifaulu na kulipa ada, ndipo apewapo leseni kamili.

Hata hivyo leseni hiyo ina mipaka. Daraja A ni la pikipiki na daraja B ni la magari madogo. Mwenye daraja B peke yake hana ruhusa ya kuendesha lori, hata akiombwa na rafiki alisogeze kidogo tu katika foleni.

Jambo hili lawahusu sana vijana wa mpakani, maana jina la bodaboda lilizaliwa huko huko, wakati wenye baiskeli walipokuwa wakiwachukua abiria toka mpaka hadi mpaka. Baiskeli haikudai leseni, pikipiki yaidai. Tena sheria yataka mwendeshaji na abiria wavae kofia ya chuma na koti la kumeremeta, na abiria awe mmoja tu.

Wako wasemao kwamba kujifunza ni kupoteza fedha. Na wafikiri hivi: mapatano mengi ya bima hutaka dereva awe na leseni. Asiye nayo akimgonga mtoto wa jirani, huenda shamba la baba yake likauzwa ili kulipa, na yeye mwenyewe akafungwa. Ada ya shule ni ndogo kuliko shamba, wala hakuna shamba liwezalo kumrudisha mtoto.

Basi kijana atakaye kazi ya udereva na aifuate njia hii hatua kwa hatua. Mwenda pole hajikwai.