Je, Wajua? Paxtu ya Nyeri: Nyumba Moja, Maafisa Wawili

Ukiingia Hoteli ya Outspan mjini Nyeri, Kenya, ulizia Paxtu. Ni kijumba tu, lakini wamekaa humo maafisa wawili wa jeshi, na wote wawili walipata sifa kwa mambo ya nje ya jeshi.

Je, wajua kuwa...

• Paxtu ilijengwa mwaka 1938 kwa ajili ya Luteni Jenerali Robert Baden-Powell, mwasisi wa Skauti? Mwenye hoteli, Eric Sherbrooke Walker, aliwahi kuwa katibu wake. Hapo mzee alichora wanyama na kuandika vitabu hadi alipofariki Januari 8, 1941.

• Wazo la Skauti lina mizizi vitani? Makaburu walipouzingira mji wa Mafeking, Afrika Kusini, kwa siku 217 (1899–1900), wavulana wa mji walitumwa kupeleka barua na maagizo. Baden-Powell, aliyeongoza ulinzi wa mji, akaja kuwatolea mfano katika kitabu chake cha mwaka 1908.

• Leo nyumba hiyo ni makumbusho madogo, na mapambo yake yameletwa na wageni? Ukutani zimeanikwa skafu na beji ambazo maskauti wa nchi mbalimbali wameziacha.

• Aliyekaa humo baadaye alikuwa mwindaji? Kanali Jim Corbett alihamia Kenya mwaka 1947 pamoja na dada yake, Maggie. Huko India alisifika kwa kuwaua simbamarara na chui wala watu. Jike la simbamarara la Champawat, alilolipiga risasi mwaka 1907, linahesabiwa kuua watu 436.

• Corbett alikuwa Treetops, hoteli ya mtini ya Walker, usiku ambao Binti Mfalme Elizabeth alilala huko, Februari 1952? Usiku huo huo mfalme alifariki Uingereza, na binti akashuka mtini akiwa malkia bila mwenyewe kujua.

• Wote wawili wamezikwa katika makaburi yale yale ya Nyeri? Corbett alifariki Aprili 19, 1955, siku chache baada ya kumaliza kitabu chake kuhusu Treetops. Jiwe la Baden-Powell lina duara lenye nukta katikati, alama ya maskauti ya kusema: nimekwenda nyumbani.

Ukipenda kutazama kwa nafasi, usiende karibu na Februari 22, siku aliyozaliwa Baden-Powell. Maskauti hufurika Nyeri.