Kwa nini motere ya mashua inazimika katikati ya ziwa?



Kila mwisho wa trimestre wengi wetu tunarudi nyumbani kwa mashua. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa karibu 670, na wakati wa kiangazi upepo wa kusini unaamsha mawimbi makubwa. Motere ikizimika pale, mashua inageuza ubavu kwa mawimbi na upepo unaisukuma mpaka kwenye majiwe. Njo maana sisi wa darasa la sita tunaeleza hapa ugonjwa mmoja unaorudi mara nyingi: mazutu haifike kwenye motere. Tunasema juu ya motere ya dizeli iliyofungwa ndani ya mashua, si ile ya esansi inayotundikwa nyuma.

NJIA YA MAZUTU

Mazutu inatoka katika tanki, inapita robine na filitre ya kwanza, ile yenye kikombe cha kukamata maji. Pompe ndogo inaivuta, inaisukuma katika filitre ya pili, na kisha inafika kwa pompe ya enjeksio, ambayo inaituma kwa enjekteri. Ile inayobaki inarudi katika tanki.

Dizeli haina buji. Hewa inakandamizwa katika silinda mpaka inapita digrii 500, halafu enjekteri inatupa mazutu kama ukungu, nayo inawaka yenyewe. Lakini enjekteri haifunguke bila presio ya zaidi ya bar 100. Sasa tukumbuke somo la fizika: mazutu haikubali kukandamizwa, lakini hewa inakubali. Povu la hewa likiingia katika tiyo, pompe inasukuma, povu linajifinya tu, na enjekteri inabaki imefungwa. Povu dogo linatosha kunyamazisha motere kubwa.

DALILI

1. Demareri inazungusha motere vizuri, lakini haishike, na hakuna hata moshi kidogo: mazutu haifike kabisa.
2. Inatembea dakika chache, halafu inakufa: tuangalie tundu la hewa la tanki. Likiziba, mazutu inashuka lakini hewa haiingie kuchukua nafasi yake. Tufungue kifuniko: kama kinavuta hewa kwa sauti, sababu imepatikana.
3. Inatembea vizuri polepole, lakini ukiongeza mwendo inachoka: filitre imejaa uchafu.
4. Sauti inapanda na kushuka yenyewe: hewa imeingia.

KABLA YA KUSHIKA UFUNGUO

Watu wote wakae chini na kuvaa jile. Mwenye kuvuta sigara azime. Nanga itupwe kama tuko karibu na pwani. Mbali na pwani haitafika chini, kwani ziwa letu lina vilindi vya metre karibu 1.470. Pale tutumie makasia ili pua ya mashua itazame upepo.

KUTAFUTA

Tuanze na vitu vyepesi. Je, mazutu iko? Tupime kwa kijiti safi, tusiamini maneno ya mutu. Robine iko wazi? Kisha tutoshe mazutu ya kikombe katika chupa nyeupe na kuiacha itulie. Maji ni mazito kuliko mazutu, yatakaa chini. Tukiona tope jeusi lenye utelezi, ni vijidudu vinavyoishi pale maji na mazutu vinapokutana; vinaziba filitre upesi.

Hewa njo inasumbua zaidi, kwa sababu haionekani. Wengi wanatafuta mahali panapodondoka mazutu. Lakini kati ya tanki na pompe ndogo, mazutu inavutwa, na presio ya ndani ni ndogo kuliko ya inje. Tiyo ikipasuka pale, mazutu haitoke: hewa njo inaingia! Upande huo unaweza kuwa mukavu kabisa na bado ni mugonjwa. Baada ya pompe, kinyume: mazutu inadondoka inje na tunaiona.

Kuna jaribio moja zuri. Tuweke bidoni ya mazutu safi juu kuliko motere, na kuiunga na tiyo fupi kwenye pompe ndogo. Motere ikitembea sawasawa, ugonjwa uko nyuma, kwa tanki, tiyo ao filitre ya kwanza. Ikikataa, ugonjwa uko mbele.

KUTOSHA HEWA

Tulegeze visi ya hewa juu ya filitre ya pili, tupige mukono wa pompe ndogo mpaka mazutu itoke bila mapovu, tufunge ingali inatoka. Tufanye vile vile kwa pompe ya enjeksio. Mwisho tulegeze ekru za tiyo kwenye enjekteri, tuzungushe motere kwa demareri mpaka mazutu itoke, tufunge. Demareri ipigwe sekunde 10 tu, halafu batri ipumzike. Rondela za shaba zilizochakaa zibadilishwe, kwani zinarudisha hewa ileile.

Angalisho: hakuna kuweka mukono mbele ya enjekteri inayotupa mazutu. Presio yake inatoboa ngozi na kuingiza mazutu mwilini. Kidonda kinaonekana kidogo kama cha sindano, lakini mutu anaweza kupoteza mukono. Apelekwe hospitali mara moja, hata kama hasikii maumivu.

KUZUIA

Mazutu ya bidoni ao pipa ipitishwe kwa kitambaa safi, na ile ya chini kabisa isimiminwe. Tanki ijazwe jioni, kwa maana katika tanki nusu tupu unyevu wa hewa unageuka maji usiku. Kikombe kitazamwe kila asubuhi kabla ya safari. Filitre moja mupya na funguo zake zikae ndani ya mashua, si nyumbani kwa mwenye mashua.

Basi wenzetu, siku ya kupanda tuulize mekanisiyani bila haya: kikombe umekitosha maji? Filitre ya akiba iko? Kama anajibu vizuri, tupande. Kama anakasirika, tungoje mashua ingine.

Wanafunzi wa darasa la sita