Sigara moja chooni, hatari kwa watoto wote ndani ya ndege

Mtoto alikaa kiti cha dirishani, miguu haifiki chini. Tangu ndege iruke Dar es Salaam kuelekea Mwanza alikuwa akihesabu mawingu kwa sauti. Mama yake, ambaye katika mazungumzo niligundua ni mwenzangu wa Morogoro, alishikilia mkoba mdogo mapajani. Ndani yake kulikuwa na inhela. Mtoto ana pumu.

Kama nusu saa hivi angani, ikasikika harufu tamu, kama ya peremende, ikitokea upande wa choo. Mama aligeuka kabla yangu. Mhudumu wa ndege alikwishafika mlangoni na kugonga. Akatoka kijana nadhifu, mkononi ameshika kitu kinachofanana na kalamu nene.

"Kaka yangu, naomba unikabidhi hicho kifaa."

"Dada, hii siyo sigara. Ni mvuke tu."

Mhudumu akarudia ombi lake kwa upole. Kijana akapandisha sauti kwamba naye amelipa nauli kama wengine. Abiria wa viti vya nyuma wakaanza kumsema, na mwishowe akakitoa. Lakini mhudumu hakuishia hapo. Aliingia chooni, akafungua pipa la taka na kulikagua hadi chini.

"Mama, anatafuta nini kwenye takataka?" mtoto akauliza.

Mama hakujua. Siku ile hata mimi, mwandishi wa habari za afya, sikuwa na jibu la kumpa. Nilipolitafuta nilikuta kuwa lina historia ya kusikitisha, na linawahusu wazazi wengi zaidi ya wale wanaopanda ndege.

Pipa lililobadili sheria

Julai 11, 1973, ndege aina ya Boeing 707 ya shirika la Varig la Brazil ilikuwa ikikaribia kutua Paris, Ufaransa, ikitokea Rio de Janeiro. Moto ulianza katika choo cha nyuma na moshi ukajaa ndani ya ndege. Rubani alilazimika kutua shambani, kilomita chache tu kabla ya uwanja. Kati ya watu 134 waliokuwamo, 123 walikufa, wengi wao kwa kuvuta moshi wenye sumu. Wachunguzi hawakuweza kuthibitisha chanzo kwa uhakika wote, lakini kilichoshukiwa zaidi ni kipisi cha sigara kilichotupwa kwenye pipa la karatasi chooni.

Miaka 10 baadaye, Juni 2, 1983, moto mwingine ulizuka katika choo cha ndege ya Air Canada. Ndege ilifanikiwa kutua Cincinnati, Marekani, na milango ikafunguliwa. Hata hivyo, kati ya watu 46 waliokuwa ndani, 23 hawakutoka. Hewa iliyoingia kupitia milango iliuchochea moto na ndani ya muda mfupi sana ndege yote ikawaka. Chanzo cha moto huo hakikujulikana, lakini ulichangia kuja kwa kanuni mpya. Vyoo vya ndege viliwekewa vitambua moshi, na mapipa yake yakawekewa vizimamoto vinavyofanya kazi vyenyewe.

Ndiyo maana mhudumu yule aliinama kukagua takataka. Ndiyo maana pia, ukiingia choo cha ndege, bado utaona kisahani kidogo cha majivu karibu na alama ya kukataza sigara. Wengi hukiona ni kichekesho, lakini hakijawekwa kwa bahati mbaya. Walioandika kanuni walijua kuna siku mtu atavunja sheria, na akishaivunja ni heri azimie sigara hapo kuliko kuitupa kwenye karatasi.

Sisi wa Morogoro hatuhitaji kufundishwa kasi ya moto. Agosti 10, 2019, lori la mafuta lililopinduka eneo la Msamvu lililipuka na kuua watu zaidi ya 100, na zipo familia ambazo jeraha hilo halijapona. Mazingira yake yalikuwa tofauti kabisa na ya ndege. Fundisho ni moja: moto haumpi mtu muda wa kufikiri. Na angani hakuna pa kukimbilia.

"Ni mvuke tu"

Vijana wengi wanaamini kwamba sigara ya kielektroniki haihusiki na katazo. Mashirika ya ndege hayaitofautishi na sigara ya kawaida. Vitambua moshi vinaweza kushtuliwa na mvuke, na mvuke wenyewe kwa kawaida hubeba nikotini na kemikali nyingine.

Kuna na suala la betri. Betri ya litiamu iliyomo ndani ya kifaa hicho inaweza kupata joto kali na kushika moto. Kwa sababu hiyo, tangu 2015 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) limezuia vifaa hivyo kuwekwa kwenye mizigo inayokwenda chini ya ndege. Mwenye nacho anatakiwa kukibeba kwenye begi la mkononi, na haruhusiwi kukitumia wala kukichaji akiwa ndani ya ndege.

Mzazi mwenye kijana anayesafiri nje aangalie pia sheria za anakokwenda. India, ambako Watanzania wengi hufuata matibabu, ilipiga marufuku uuzaji na uingizaji wa sigara za kielektroniki mwaka 2019. Singapore nayo haiziruhusu kabisa.

Rubani ana mamlaka

Mkataba wa Tokyo wa 1963 unampa rubani mkuu mamlaka ya kumdhibiti abiria anayehatarisha usalama au kuvuruga utulivu, hata kumfunga ikibidi, na kumkabidhi kwa vyombo vya dola ndege ikitua. Hapa nchini usalama wa anga unasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA).

Tatizo la abiria korofi linakua. Kwa takwimu za Chama cha Kimataifa cha Usafiri wa Anga (IATA), mwaka 2022 liliripotiwa tukio moja katika kila safari 568 za ndege, na mwaka 2023 likawa moja katika kila safari 480. Kutotii maelekezo ya wahudumu ni miongoni mwa makosa yanayojirudia zaidi, na kuvuta sigara au mvuke chooni kumo humo.

Mara nyingi ukorofi huo huanza na jambo dogo. Mtu amekunywa pombe kabla ya kupanda, au mwili unadai nikotini na safari ni ndefu, au anaona aibu kuambiwa mbele za watu. Mvutaji anayejijua anaweza kumwomba daktari au mfamasia ushauri mapema kuhusu tembe au bazoka za nikotini. Kujiandaa hivyo ni bora kuliko kubishana na mhudumu futi 30,000 juu.

Kama kukaa juu ya Uluguru

Hewa ya ndani ya ndege huongezwa mgandamizo, lakini haifiki ule wa nchi kavu. Inaweza kulingana na hewa ya mlima wenye urefu wa hadi mita 2,400. Waliowahi kupanda hadi uwanda wa Lukwangule, huko juu Uluguru, wanaijua hali hiyo: hatua chache tu na pumzi inakuwa fupi. Mtu mzima mwenye afya akiwa amekaa kitini kwa kawaida hasumbuki. Mtoto mwenye pumu kali, ugonjwa wa moyo au selimundu anaweza kusumbuka, na ndiyo sababu anatakiwa kumwona daktari kabla ya safari.

Sasa weka moshi juu ya hali hiyo. Moshi wa tumbaku una kemikali zaidi ya 7,000, na zisizopungua 69 kati ya hizo husababisha saratani. Ndani yake mna gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo huchukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Vichujio vya kisasa vya ndege hunasa chembechembe, lakini havikutengenezwa kuondoa gesi hiyo.

Mtoto ndiye anayeumia zaidi. Anapumua haraka kuliko mtu mzima na mapafu yake bado yanakua. Moshi wa wengine huongeza hatari ya nimonia, mashambulizi ya pumu, maambukizi ya masikio na vifo vya ghafla vya watoto wachanga. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu zaidi ya milioni moja wasiovuta hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya moshi wa wengine.

Angani tumeweza, je, barabarani?

Mwaka 1992 ICAO ilizitaka nchi wanachama kuondoa sigara katika safari za kimataifa ifikapo Julai 1996. Kabla ya hapo wavutaji walitengewa viti vya nyuma, kana kwamba moshi unajua mpaka. Leo mzazi anapanda ndege bila hata kuliwaza jambo hilo.

Lakini wengi wetu hatupandi ndege kila mwaka. Tunapanda gari Msamvu. Tunapanda gari la Mgeta, Matombo au Kinole, mtoto mgongoni, madirisha yamefungwa kwa ajili ya vumbi au baridi ya mlimani, na mbele kuna mtu amewasha sigara. Mapafu ya mtoto hayajui kama yapo ndani ya Coaster au Boeing. Kufungua dirisha hupunguza harufu tu, sumu haiishi.

Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Bidhaa za Tumbaku ya 2003, inayobana uvutaji katika maeneo ya umma na kukataza kumuuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18. Mwaka 2007 nchi iliridhia mkataba wa WHO wa kudhibiti tumbaku, ambao unataka watu walindwe dhidi ya moshi, ikiwemo kwenye vyombo vya usafiri.

Suala hili si jepesi kwa mji wetu. Morogoro ina viwanda vya kusindika tumbaku, na zipo familia zinazolipa ada za shule kwa ajira za msimu zinazopatikana humo. Kumwomba mtu asivute mbele ya mtoto hakuondoi mkate wa mtu yeyote. Kunaomba nafasi ya kupumua tu.

Mzazi afanye nini?

Kwenye ndege, ukisikia harufu ya moshi au mvuke, mwite mhudumu mara moja. Usigombane na abiria mwenyewe. Hiyo ni kazi ya wahudumu na wamefunzwa.

Inhela ya mtoto isiwekwe kwenye begi linalokwenda chini. Ikae mkononi, pamoja na cheti cha daktari.

Kwenye gari, zungumza na dereva au konda kabla safari haijaanza. Kauli kama "Kaka, samahani, mtoto wangu ana pumu" hueleweka haraka kuliko kufoka. Ikishindikana, omba kuhamia kiti cha mbali.

Kama baba, mjomba au babu anavuta, avutie nje, mbali na mlango, kisha abadili shati na kunawa kabla ya kumpakata mtoto. Mabaki ya moshi hubaki kwenye nguo na nywele.

Zungumza na vijana wako kuhusu mvuke kabla marafiki hawajazungumza nao.

Tulipotua Mwanza, kijana yule alikuwa wa mwisho kusimama, macho chini. Mama alirudisha inhela mkobani bila kuitumia, akamshika mwanawe mkono. Mtoto bado alikuwa akiangalia kule chooni, akisubiri jibu la swali lake. Natumaini mama yake atausoma ukurasa huu na kumpa.