Nyumba Moja, Vyama Viwili: Futuhi na Siasa za Ukoo Ziwani

Wahenga walituusia kwamba ndugu wakigombana tushike jembe tukalime, na wakipatana tushike kapu tukavune. Usia huo husahaulika upesi kila uchaguzi unapokaribia. Mwanasiasa huja, huhutubia, akaenda zake. Ugomvi aliouacha ukabaki sebuleni, baina ya baba na mwanawe, mke na mawifi zake. Ndiyo maana futuhi inayoigiza familia iliyogawanyika kisiasa haiwachoshi watazamaji. Kila mmoja humwona ami yake pale jukwaani na, akitulia kidogo, hujiona mwenyewe.

Kisumu ina kila sababu ya kuzaa futuhi ya namna hiyo. Wengi wetu huku pwani hudhani kwamba watu wa ziwani wamekuwa na sauti moja daima. Historia yasema vingine. Mwaka 1966 Jaramogi Oginga Odinga alijiuzulu umakamu wa rais akaongoza chama cha KPU, ilhali Tom Mboya, ambaye asili yake ni kisiwa cha Rusinga, alibaki KANU akawa mpinzani wake mkubwa. Jamii iliyojivunia wote wawili ikapasuka. Mboya aliuawa Julai 1969. Oktoba mwaka huo, sherehe ya kufungua hospitali mjini Kisumu iliishia kwa risasi na vifo, na KPU ikapigwa marufuku.

Mpasuko wa leo ni wa rika. Juni 2024 vijana waliingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha. Muda si muda, vigogo wa ODM wakaingia barazani, na Machi 2025 Raila Odinga na Rais William Ruto wakatia saini makubaliano ya ushirikiano. Babu aliyemfuata Raila tangu ujanani aliona busara. Mjukuu aliyeonja moshi wa kutoa machozi aliona usaliti. Raila alipofariki tarehe 15 Oktoba 2025, wote wawili walimlilia mtu mmoja, kisha wakaanza kubishana juu ya wosia wake. Mwandishi wa futuhi ataomba nini zaidi?

Hapo ndipo utani unapofanya kazi yake. Sisi tunaujua utani wa babu na mjukuu, wa mashemeji na mabinamu. Wajaluo nao wana pakruok: mtu hutoa pesa ili muziki usimame kidogo, naye ajisifu na kuwatania wenzake mbele ya hadhira. Nguvu ya mila hizi ni kwamba anayetaniwa yupo hapo hapo, na zamu yake ya kujibu yaja. Hotuba ya kampeni haina zamu hiyo. Wala kejeli zinazorushwa usiku kwenye kundi la familia la WhatsApp hazina.

Basi si kila kicheko ni dawa. Jukwaa letu la Kenya limezoea njia ya mkato ya kuigiza lafudhi: Mjaluo akisema hivi, Mluhya akisema vile, ukumbi unaanguka kwa kicheko. Kicheko hicho hakigusi mgogoro wowote. Chamwacha anayechekwa na fundo rohoni. Marehemu Francis Imbuga, mzaliwa wa Maragoli, jirani kabisa na Kisumu, alionyesha njia iliyo bora. Katika tamthilia yake Betrayal in the City, iliyotoka mwaka 1976, mtawala Boss anamlea na kumpa cheo Mulili, binamu yake. Tunamcheka Mulili kwa ujinga wake na tamaa yake. Lakini mtutu wa bunduki unapomgeukia Boss, binamu huyo huyo ndiye anayetaka auawe. Damu iliyofanywa ngazi ya cheo haikumfaa kitu.

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 2027. Mjini Kisumu kuna ukumbi wa jamii wenye jina la Grace Onyango, meya wa kwanza mwanamke nchini na mbunge wa kwanza mwanamke kuchaguliwa, mwaka ule ule wa huzuni wa 1969. Heri familia itakayompeleka babu na mjukuu katika ukumbi kama huo, waketi viti vya kukaribiana, mmoja acheke, kisha mwingine. Kura hupigwa siku moja. Siku ya pili yake ni hao hao watakaobebeana jeneza.