Skrini na Kujitawala kwa Mtoto Mdogo
Kujitawala, yaani uwezo wa mtoto kuzuia pupa, kukumbuka agizo na kungoja zamu, hutegemea sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo huchelewa kukomaa kuliko nyingine. Mwaka 2011, Angeline Lillard na Jennifer Peterson wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, waliwapima watoto 60 wenye umri wa miaka 4, wakaona kwamba waliotazama katuni ya matukio ya kasi kwa dakika 9 tu walishindwa kujizuia zaidi kuliko wenzao waliokuwa wakichora. Hayo yalipimwa papo hapo, kwa hiyo hayathibitishi madhara ya kudumu.

Mama anayeanika omena, yaani dagaa, huko Mbita au Muhuru kando ya Ziwa Victoria nchini Kenya, na kumpa mwanawe simu ili atulie hastahili lawama, kwani mikono yake ina kazi. Ila utulivu unaoletwa na picha haumfundishi mtoto kujituliza mwenyewe. Mchezo wa ajua, bao la Waluo, humpa mtoto zoezi hilo, kwani humtaka mchezaji ahesabu kete, akumbuke mashimo na asubiri mwenzake acheze. Kuhusu skrini, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka 2 hadi 4 asiitazame zaidi ya saa 1 kwa siku.