Methanoli: Manufaa Yake Kiwandani na Hatari Yake Kikombeni



Mnamo mwezi wa Aprili 2010, katika wilaya ya Kabale, watu wapatao 80 walifariki dunia katika muda wa majuma machache baada ya kunywa waragi iliyochanganywa na methanoli. Si busara kudhani kwamba msiba huo ni wa Kabale peke yake. Waragi hunywewa pia chini ya milima ya Rwenzori.

Methanoli ni nini? Ni aina ya spiriti isiyo na rangi, ambayo huwaka moto upesi. Viwandani ina manufaa makubwa, kwani hutumika katika kutengeneza gundi ya mbao, rangi na plastiki. Hapo ndipo mahali pake.

Hatari yake imo katika kufanana. Kwa macho na kwa harufu, mnywaji hawezi kuitofautisha na spiriti ya pombe. Mfanyabiashara mwenye tamaa huitia katika waragi ili aongeze ukali kwa gharama ndogo. Ikisha kuingia mwilini, ini huigeuza kuwa asidi ambayo hushambulia mishipa ya macho. Jambo hilo huchukua saa nyingi, mara nyingi 12 hadi 24. Kwa hiyo mtu hulala akidhani amelewa tu, kisha huamka akiumwa tumbo, akihema kwa shida na kuona ukungu mbele yake. Mililita 30 tu zaweza kuua.

Mgonjwa wa namna hiyo asiachwe alale ati pombe imtoke. Apelekwe hospitali mara moja, pamoja na wote aliokunywa nao. Dawa ya kuizuia sumu hiyo ipo, nayo hufaa zaidi ikitolewa mapema.

Sheria ya Enguli ya mwaka 1965 ilikataza kutengeneza waragi bila ya leseni. Lakini sheria hubaki karatasini mpaka askari aisimamie. Huko Bwera, karibu na mpaka wa Mpondwe, pipa la spiriti lisilo na hati lisihesabiwe kuwa ni magendo ya kawaida. Anayelikamata asilionje, wala asiwashe kiberiti karibu nalo, kwa maana moto wa methanoli hauonekani vizuri mchana.

Na askari anayepokea chupa ili afumbe macho, akumbuke kwamba huenda akayafumba daima.