Kufumbua Kabla ya Kukunjua

Maktaba, katika taaluma ya kompyuta, haina rafu wala vitabu. Ni mkusanyiko wa maagizo yaliyokwisha kuandikwa ili programu nyingine ziyatumie. StormLib, iliyotungwa na Ladislav Zezula, ni maktaba ya aina hiyo. Kazi yake ni kushughulikia mafurushi ya data yaitwayo MPQ, ambamo kampuni ya Blizzard ya Marekani ilihifadhi picha, sauti na ramani za michezo kama vile Diablo (1996) na StarCraft (1998).

Data hizo aghalabu hukunjwa kwanza ili zichukue nafasi ndogo, ndipo baadhi yake zifumbwe. Utaratibu huu si wa kubahatisha. Ukunjaji hutegemea takriri, na data iliyokwisha kufumbwa haina takriri ya kushika. Anayesoma basi hulazimika kurudi kinyume: afumbue, kisha akunjue.

Kasi nayo yatokana na ugawaji. Faili hukatwa vipande, mara nyingi vya baiti 4096, na kila kimoja hufumbuliwa peke yake. Atakaye sehemu ya katikati hana haja ya kupitia yote yaliyotangulia.

Ufunguo wa fumbo hutokana hasa na jina la faili. Jina likipotea, je, faili nayo imepotea? La hasha. Faili ya sauti ya WAVE kwa kawaida huanza na herufi RIFF. Kwa kulinganisha mwanzo huo unaojulikana na data iliyofumbwa, StormLib huweza kuukisia ufunguo na kuujaribu. Fumbo hilo, kwa hakika, lilimzuia mdadisi wa kawaida tu.